Mwenye Ufunguo wa Stoo

Hakuna neno Njambi alilolichukia kama "umezoea". Waliolisema walidhani wanamsifu.

Lilianza mwaka ule mke wa mwalimu Kivuva alipofariki, na dada zake wakafika mlangoni mwa mochari wakashindwa kuingia. Mmoja alisema miguu imekufa ganzi, mwingine akasema ana mimba, wa tatu akaketi kwenye saruji bila kutoa sababu yoyote. Njambi alikuwa amewasindikiza tu, kuwabebea mfuko wa nguo. Alipoona jua linapanda, marehemu bado hajavikwa, na dereva wa gari la kwenda Machakos anapiga honi nje kama mtu aliyekuja kuchukua viazi, aliingia mwenyewe. Alimvisha yule mama gauni, akamfunga kitambaa kichwani, akamnyoosha kola, huku akimsemesha kwa sauti ya chini kama unavyomvisha mtoto anayesinzia: nipe mkono, mama, haya, sasa huu mwingine. Alipotoka, watu walimtazama kama aliyetoka vitani. Tangu siku hiyo, kila mwanamke aliyekufa Kinoo, awe wa kanisa lao au wa lile la ng'ambo ya barabara, kauli ilikuwa moja. Mwiteni Njambi, yeye amezoea.

Na kwa kuwa aliyezoea maiti hudhaniwa amezoea kila kitu, wakamkabidhi pia ufunguo wa stoo ya kanisa. Humo ndimo mlimowekwa masufuria makubwa ya kupikia watu wa matanga, sahani za bati, miiko mirefu na turubai. Aliufunga kwa uzi mwekundu akauvaa shingoni, ndani ya blauzi. Mtu akikata roho, Mzee Zachariah, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimtumia Njambi habari kabla hajamtumia mchungaji.

Mchana alikuwa mjini, akiuza vitambaa katika duka la Chunilal, Barabara ya Biashara. Huko nako hakukuwa na nafuu. Wenye msiba walipita wauzaji wengine wote wakamtafuta yeye awachagulie kitambaa cheupe kisichopenyeza mwanga, na kabla mkasi haujagusa kitambaa walikuwa wameshamweleza marehemu aliugua vipi, alisema nini mwishoni, na ni nani katika ukoo hakuja kumwona. Alisikiliza. Alipofika nyumbani jioni alikuwa amebeba vifo vya watu asiowajua, na mlangoni alikuta watoto wametumwa na Mzee Zachariah kumwambia kuna kingine.

Halafu akafa Wainaina, mumewe. Alianguka kazini asubuhi akiwa mzima. Ungedhani basi hapo angalau wangemwacha akae. La. Siku ya mazishi, vijana waliopewa kazi ya kupika walikuwa wakibishana kama wali unataka maji zaidi, moshi umetanda nyuma ya nyumba, na mtu akaja mbio kumwita, kwa maana masufuria ni yake na yeye ndiye anayejua. Njambi akaenda kuokoa wali. Aliporudi akijifuta mikono kwa leso, walikuwa wameshaita familia kutupa mchanga, wameshafukia, na vijana wanapigapiga udongo kwa migongo ya majembe. Mjane alikosa kumtupia mumewe mchanga kwa ajili ya wali wa wageni. Wageni wakala wakashiba. Mama mmoja alimshika bega wakati wa kuondoka, mdomo bado unang'aa mafuta, akamwambia, "Wewe kweli ni jasiri. Hata chozi moja hukutoa." Hakulitoa kwa sababu hakupewa nafasi ya kulitoa.

Chunilal alikuwa amempa mkono wa pole na kumwambia arudi kazini Jumatatu. Alirudi Jumatatu. Mteja wake wa kwanza alikuwa bibi harusi.

Baada ya hapo mambo yalianza kumpotea moja moja, kama taa za nyumba za jirani zinavyozimwa. Chai ilikosa ladha. Aliongeza sukari, bado ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Alilala usiku kucha akaamka amechoka kama aliyelima. Kanisani nyimbo alizozipenda zilimpita kama kelele za soko. Na mteja akilia dukani, jambo ambalo zamani lilimfanya na yeye alengwelengwe na machozi, sasa alihisi hasira tu: si ukalie nje, unatulowesha vitambaa? Hakulisema, lakini aliliwaza, akaona aibu, na aibu nayo ikamchosha.

Alikwenda kliniki moja ndogo kando ya Waiyaki Way. Wakamtoa damu, wakaitafuta malaria, wakaitafuta taifodi. Kijana mwenye koti jeupe akamwambia damu ni safi kabisa, mama, labda upumzike. Njambi akamuuliza apumzike wapi. Kijana akadhani ni mzaha, akacheka, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Njambi akatoka pale ameamini kwamba kama si mgonjwa basi ameharibika tu, amekuwa mtu wa roho mbaya.

Aliyekuwa akimwambia akae chini alikuwa mmoja tu, naye ni Annah, mdogo wake, mwalimu wa nasari aliyeishi Uthiru katika chumba kimoja chenye picha za watoto ukutani. Kisha kifua kikamshika Annah, kikamwacha, kikamshika tena, na safari hii hakikuachia. Njambi akawa anashuka Uthiru kila jioni kabla ya kuendelea Kinoo. Aliosha vyombo, akapika uji, akabadilisha shuka, akafua. Annah alikuwa akipigapiga kitanda kwa kiganja.

"Kaa, wewe. Vyombo havina miguu, havitakimbia."

"Nikikaa sitainuka."

"Basi usiinuke. Nani alikuambia ni lazima?"

Njambi aliendelea kusugua sufuria. Ndani yake kulikuwa na hofu moja asiyoweza kuitamka, kwamba Annah naye atazikwa yeye akiwa amegeuzia kaburi mgongo, akikoroga kitu.

Ndipo mama yake Chunilal alipokufa. Duka likafungwa, na wafanyakazi wakaenda Parklands kutoa pole. Njambi alivua viatu mlangoni, akafunga leso kiunoni kama alivyozoea, akaanza kuulizia jikoni ni wapi. Akazuiwa na bibi kizee wa Kihindi aliyevaa nyeupe, jirani wa pale, waliyemwita Tara Ba.

"Wapi unaenda?"

"Jikoni, mama. Niwasaidie chai."

"Chai gani? Hii nyumba imekufa mtu, moto hapana washa. Jirani ndiyo iko leta chakula. Wewe kaa."

Akakaa. Sakafu yote ilikuwa imetandikwa shuka nyeupe, na watu wameketi juu yake bila haraka. Mke wa Chunilal, Kanchan, ambaye dukani angeweza kukugombeza asubuhi nzima kwa kitambaa kilichokatwa kikapinda, alikuwa akimlilia mama mkwe wake kwa sauti, nywele zimefumuka. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Mwanamke mwingine alikuwa amemlaza kichwa begani mwake, na mwingine akimlisha wali wa dengu kwa mkono, tonge dogo dogo, kama mtoto. Njambi alitazama tonge lile. 

Hasira ilimjia hapo hapo, juu ya shuka za watu. Hakumkasirikia Kanchan, alimwonea wivu mtupu. Aliwakasirikia waliokula wali wa Wainaina. Alimkasirikia mama wa mdomo wenye mafuta. Alimkasirikia Chunilal, aliyeketi kule na wanaume wenzake, duka lake limefungwa bila mtu kumuuliza atafungua lini, mtu yule yule aliyemwambia Jumatatu. Na hasira yenyewe ilimshangaza, kwa maana alikuwa amedhani ndani hamna tena kitu. Kumbe hakuwa na roho mbaya. Alikuwa kama ng'ombe anayekamuliwa na kijiji kizima wala hakuna anayemkatia nyasi, na siku maziwa yanapokatika wanasimama na ndoo zao wakishangaa ng'ombe huyu ana kasoro gani.

Jioni hiyo alishuka Uthiru, akaviacha vyombo kwenye beseni, akaketi kitandani. Annah alimtazama kana kwamba Njambi ndiye mgonjwa.

Njambi akamsimulia yote, jinsi alivyokuwa akitafuta jiko kwenye nyumba isiyo na moto, na Annah akacheka hadi akakohoa, na alipokwisha kukohoa akamshika mkono.

"Nikifa usinivishe wewe."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Wa kunivisha watapatikana. Mimi nataka mtu mmoja wa kunililia ambaye hana mwiko mkononi. Niahidi."

Njambi akaahidi. Walikaa hivyo mpaka giza likaingia, bila kuwasha taa, wakiwasengenya watu wa kanisani mmoja baada ya mwingine.

Annah hakumaliza msimu huo wa mvua.

Njambi alikwenda dukani kuomba ruhusa. Chunilal aliinua uso kutoka kwenye magazeti, akasikitika kwa dhati, akasema pole sana, dada ni dada, basi uzike vizuri, tuonane Jumatatu. Njambi hakuondoka kwenye kaunta.

"Bwana Chunilal, mama yako alipokufa duka hili lilifungwa mpaka panya wa stoo wakahama kwa njaa. Sikusema kitu, mama ni mama. Mume wangu alipokufa nilirudi Jumatatu, nikamkatia bibi harusi shela. Safari hii nitarudi nikimaliza kulia."

Wauzaji wengine waliinamia vitambaa vyao. Chunilal akaanza kueleza kuwa mwisho wa mwezi kuna wateja wengi, na akamgeukia mkewe amsaidie. Kanchan alikuwa amekwisha kuchukua mkasi wa Njambi kwenye ndoano.

"Aende," akasema. "Mimi nitakata."

Matanga yaliwekwa Kinoo, kwa kaka yao Macharia, kwenye shamba la baba yao. Njambi alifika akakuta sebule imejaa. Macharia alikuwa ameketi kwenye kochi katikati ya wazee, amefunikwa blanketi mabegani, watu wakimshika mkono kwa zamu. Njambi akavuta kiti akaketi karibu naye. Waliomshika Macharia mkono walipomfikia yeye waliuliza sukari iko wapi, na kama majani ya chai ni yale yale au kuna mengine. Mmoja alimwachia birika mapajani. Akaliweka sakafuni.

Maombi yalipokwisha, Mzee Zachariah alisimama kugawa kazi. Alikuwa mtu mwema, Zachariah, hilo Njambi hakulikana hata siku hiyo. Aliwahi kuuza mbuzi wake kuwazika watu wasio na ndugu. Aliwapa vijana kuni, akampa fulani maji, halafu akamgeukia bila hata kubadilisha sauti.

"Njambi, kesho asubuhi gari litakupitia hapa uende mochari. Wewe umezoea. Ukirudi ututazamie kama masufuria mawili yatatosha."

Njambi aliinuka polepole. "Mzee, nani amekufa?"

Zachariah akatazama huku na huku. "Si ni Annah."

"Annah ni nani kwangu?"

"Ni dada yako, mama."

"Na Macharia ni nani kwake?"

"Kaka yake."

"Macharia umempa kazi gani?"

Mtu alikohoa nyuma. Zachariah akasema kwa upole, akidhani anatuliza, kwamba Macharia amefiwa, si anaona mwenyewe hali aliyo nayo, ameshindwa hata kula.

"Mimi je? Mimi sijafiwa?"

"Wewe..." Zachariah akasema. "Wewe ni Njambi."

Macharia akatoa mkono kwenye blanketi akamvuta nguo kama walivyokuwa wadogo. "Dada, usianze. Wewe tu ndiye unaweza. Mimi siwezi kumwona Annah vile."

"Na nani alikuambia mimi naweza?" Sauti yake ilipanda, na hakuishusha. "Nilimlea mgongoni nikichuma chai za watu. Nilimfundisha kufunga viatu. Mmekaa hapa mnamshika Macharia mkono, mimi mnanipa birika. Nimewavisha mama zenu. Nimewavisha wake zenu. Wainaina wangu mlimfukia mimi nikiokoa wali wenu, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema ngojeni kidogo, mwenyewe hayuko. Mkaniita jasiri. Mimi si jasiri. Nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki. Leo mimi ni mfiwa, Mzee. Nataka nipewe chai."

Aliingiza mkono kwenye blauzi, akatoa ule ufunguo, akauvua kichwani pamoja na uzi wake mwekundu, akauweka kwenye kiganja cha Zachariah, akakifunga vidole kimoja kimoja. Kisha akarudi kuketi.

 Kuna waliokunja uso. Mama mmoja alinong'ona kuwa huzuni imempanda kichwani. Mwishowe aliyesimama ni Mama Nzuki, jirani, mwanamke mnene wa Kikamba aliyekuwa akiogopa hata kuku aliyechinjwa, na watu wote walijua.

"Mimi nitaenda kumvisha," akasema. "Sijazoea. Lakini hata Njambi hakuzaliwa amezoea." Akameza mate. "Nani atanishika mkono?"

Wakajitokeza wanawake wawili, halafu wa tatu.

Chai ililetwa na Mama Nzuki mwenyewe kabla hajaondoka kwenda kujitayarisha. Njambi aliishika kwa mikono yote miwili. Haikuwa na ladha. Akainywa hivyo hivyo mpaka chini, kwa sababu ililetwa. Kisha wakampeleka chumba cha ndani, wakamvua viatu, na akalala wanakwaya wakiimba upande wa pili wa ukuta, akalala kesho yake pia, na kila alipofumbua macho kulikuwa na mwanamke mmoja kwenye kigoda pembeni, asiyemuuliza chochote. Siku ya mazishi alimwona Annah jeneza lilipofunguliwa. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa ovyo, upande. Vidole vyake vilitaka kukirekebisha. Akavikunja.

Kaburini walipoita ndugu wa marehemu, Macharia alimshika mkono wakasogea pamoja. Njambi aliinama, akachukua bonge la udongo mwekundu, bichi kwa mvua, zito. Alikuwa bado amelishika aliposikia nyayo zikija mbio nyuma yake na sauti ya msichana ikinong'ona kwa wasiwasi.

"Mama Njambi, stoo imefungwa. Miiko iko ndani na wali unashika chini."

Njambi hakugeuka. "Muulize Mzee Zachariah."

Upande wa pili wa kaburi, Zachariah alikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi. Alisikia. Alipapasa mfuko wa koti, akapapasa wa suruali, wa kushoto, wa kulia, akakipa kitabu mchungaji aliyekuwa katikati ya sala, akapapasa mfuko wa nyuma. Halafu uso ukambadilika, kwa maana alikumbuka ufunguo uko kwenye suruali ya kila siku, nyumbani. Mwenyekiti wa kamati akateremka shambani akikimbia, koti linapepea, akiruka matuta ya viazi.

Macharia alibana midomo. Mtu mmoja nyuma yao alishindwa kujizuia, akacheka. Njambi naye akacheka, kicheko cha kweli, Annah angekipenda, na katikati yake kikavunjika kikawa kitu kingine. Bonge likamtoka mkononi likaanguka juu ya jeneza kwa kishindo. Alilia akiwa amesimama, kisha akiwa amepiga magoti kwenye tope, alimlilia Annah akamlilia Wainaina kwa majina yao, kwa sauti ambayo Kinoo haikuwahi kumsikia nayo. Mama mmoja akasogea kumwambia ajikaze. Mama Nzuki alimshika yule mama kiwiko.

"Mwache. Bado hajamaliza."

Hawakuanza kufukia mpaka alipoinuka.

Baadaye alikuwa ameketi chini ya turubai na wafiwa wengine, magoti mekundu kwa udongo, macho yamevimba, wakamletea sahani. Wali ulikuwa umeungua vibaya. Waliokuwa karibu waliuchungulia wakausukuma pembeni, na Mzee Zachariah, jasho linamtoka, alikuwa akipita akiomba radhi meza kwa meza.

Njambi alitia tonge mdomoni akatulia. Moshi, chumvi nyingi, ukoko mchungu chini ya ulimi. Ladha zote alizisikia. Akamaliza sahani, akaomba aongezewe.